Sukari Juu ya Farasi Mbaya

Harufu ya kafuri hainiletei heri. Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Koekelberg, nimepanga foleni nyuma ya bibi mmoja aliyefungua kichupa cha dawa ya kuchua ili ainuse kabla ya kuinunua, na papo hapo nikawa na miaka kumi na moja, nimekaa kwenye zulia la nyumba ya mtu, natazama farasi kwenye televisheni huku nikimwomba Mungu mama yangu asifukuzwe kazi kwa sababu yangu. Nilitoka bila kununua nilichokifuata. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoandika haya, kwa hiyo mnivumilie.

Ninawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokuwa wakalimani kabla meno ya utoto hayajamalizika kung'oka. Mnajua ninachokisema. Sisi watoto wa watu wa Kivu katika mji huu wa Wabelgiji tulisoma barua za komini, yaani za manispaa, kabla ya kusoma hadithi. Tulisimama kati ya mama na daktari, kati ya mama na mwenye nyumba, kati ya mama na mwanamke wa dirishani mwenye miwani, na tulijifunza mapema kwamba kuna maneno yasiyofaa kupelekwa yalivyo. Unayapunguza makali kwanza. Hakuna aliyetufundisha, ilikuwa adabu tu. Mkubwa hapelekewi neno bichi.

Mama yangu alihudumia wazee majumbani mwao. Jumatano shule hufungwa adhuhuri, na hakuwa na mtu wa kuniachia, basi alinichukua hadi Ganshoren, ghorofa ya tatu, kwa Papa Jef. Ilikuwa marufuku kabisa. Ofisi yake ingejua, angekula kalamu siku hiyo hiyo. Papa Jef alikubali kunificha kwa sharti moja, kwamba mbio zikianza ninyamaze.

Papa Jef alikuwa Mbelgiji wa karibu miaka tisini. Ujanani mwake, enzi za ukoloni, alisimamia shamba la kahawa karibu na Bukavu. Alijua Kiswahili, na mama alipofika mara ya kwanza alifurahi kukisikia, mpaka akagundua ni Kiswahili cha namna gani. Kilikuwa cha amri tupu: leta, toa, ngoja, upesi. Neno tafadhali hakuwa nalo. Tena alitaka aitwe Bwana Jef, kama zamani. Mama alimwita Papa Jef siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, hadi mwenyewe akazoea. Mama yangu hakuwa mtu wa kubishana, alirudia tu.

Mzee yule alikuwa amekatazwa vitu viwili. Daktari alimkataza sukari, na mwanawe alimkataza kamari ya farasi. Akaviunganisha. Alikuwa na boksi la sukari ya vipande, na kila Jumatano alitandaza mezani ukurasa wa gazeti wenye majina ya farasi wa siku hiyo, kisha akaweka kipande juu ya kila farasi aliyemwamini. Mimi alinipa vipande vitano. Aliyeshinda alichukua vya mwenzake, na mwisho wa yote mama alivirudisha vyote ndani ya boksi, akimtazama mzee mdomoni kama ameficha kimoja.

"Mutoto, weka sukari yako," alikuwa akiniambia.

"Juu ya nani?"

"Weka juu ya ile ya namba saba. Hapana ile ya tatu. Ile ni tocard."

Tocard ni farasi asiye na tumaini, yule anayekimbia ili wengine wapate wa kumwacha nyuma. Lakini kwa Papa Jef neno hilo halikubaki kwa farasi. Tarishi aliyechelewesha barua alikuwa tocard. Waziri aliyeongea kwenye habari alikuwa tocard. Jirani wa chini aliyemwoa mjane mwenye nyumba mbili alishinda dans un fauteuil, yaani kama mtu aliyefika mwisho wa mbio akiwa ameketi kwenye kochi. Siri aliyonong'onezwa na mfamasia ilikuwa tuyau, kama zile siri za mazizini kuhusu farasi gani ameamka vizuri. Mama akibakiza goti moja la mzee la kuchua kwa kafuri, basi alikuwa kwenye dernière ligne droite, ule mstari ulionyooka kabla ya kumaliza. Na mtu aliyenyang'anywa ushindi puani alikuwa coiffé au poteau, amepitwa kwenye nguzo ya mwisho. Mzee aliuona ulimwengu wote ukizunguka uwanja mmoja wa nyasi, na yeye ameketi jukwaani.

Mimi nilidhani hicho ndicho Kifaransa chenyewe. Msinicheke. Katika insha zangu mwalimu alikuwa akiandika kwa wino mwekundu pembeni: pauvre, maskini. Kifaransa changu kilikuwa maskini, na mimi nikaamini nimegundua kile cha matajiri kinakowekwa. Kilikuwa Ganshoren, kwenye zulia la Papa Jef, na shule ilitunyima makusudi. Nikawa na daftari la siri la kuandika misemo ya farasi, naikariri kama katekisimu.

Niliitumia kila mahali. Kanisani kwetu, katika ukumbi wa kukodi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, ilipofika zamu ya watoto kuomba, nilifumba macho nikamwambia Yesu kwamba tumefika kwenye dernière ligne droite na asikubali shetani atupite kwenye poteau. Kanisa zima likaitika amina kwa kishindo. Tonton mmoja tu, mjomba wa wote pale, ndiye aliyeinama na kukohoa kicheko, na ndivyo kina mama walivyojua anakoshinda Jumamosi, kwenye kamari. Darasani haikuwa hivyo. Niliandika kwamba mama yangu ni farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wote, na mwalimu akazungushia sentensi nzima duara jekundu: lugha ya baa.

Na kulikuwa na jambo la kilo. Gazetini, mbele ya jina la kila farasi, paliandikwa kilo: hamsini na nne, hamsini na saba, sitini na moja. Nilidhani ni adhabu ya waliofanya vibaya wiki iliyopita. Nikamuuliza Papa Jef, akacheka hadi akashika kifua.

"Hapana," akasema. "Ile ya nguvu njo inabeba mingi. Ile ya bure inabeba kiloko. Hivi course inakuwa sawasawa. Unasikia?"

Course ni mbio, na kwa Kiswahili cha Kivu kiloko ni kidogo, njo ni ndiyo. Nilisikia, tena nilisikia kupita kiasi. Nilimtazama mama aliyepiga magoti pale sakafuni na chupa ya kafuri, aliyeamka alfajiri kwa mzee mwingine na aliyebakiza mwingine tena jioni, mwenye mfuko wa karatasi za ukimbizi asizothubutu kuziacha nyumbani, na nikakata shauri kwamba kumbe sisi ndio bora, ndiyo maana tumebebeshwa. Nilitembea na fahari hiyo miezi kadhaa. Leo inanitia aibu kuliko yote niliyoyafanya, hata kuliko uongo ninaokuja kuueleza sasa.

Mwezi wa Novemba mwalimu wangu wa darasa la sita alimwita mama. Mama alielewa Kifaransa cha sokoni na cha wagonjwa, lakini mbele ya watu wa shule kilimkimbia, basi nilikaa katikati kama kawaida. Mwalimu alisema sijafikia kiwango. Alisema Kifaransa changu hakitoshi, kwamba ana wasiwasi na mtihani wa mwisho wa mwaka, na kwamba nyumbani waanze kunisaidia mara moja. Mama akanigeukia. Nami, kwa adabu ileile niliyowaeleza, nikamwambia mwalimu anasema nasoma muzuri, niongeze nguvu kidogo tu.

Mnajua kilichofuata, maana kwenu pia kingefuata. Mama alitoa shukrani kanisani. Alipika sufuria mbili za sombe, kisamvu chetu, na samaki wa moshi, akasimama mbele ya watu wote na kusema Mungu amemtendea, mtoto wake anasoma. Kina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikula sombe ile pamoja nao.

Baada ya likizo ya Krismasi zikaja fomu za kujiandikisha sekondari. Kila mtoto hupewa yake moja, yenye mistari kumi, na mzazi huandika shule kwa kadiri anavyozitaka, kisha huipeleka fomu kwenye ile ya kwanza. Mama alikuwa na shule yake tayari. Ilikuwa upande wa pili wa Basilika, yenye lango refu la chuma, wanafundisha Kilatini, na kila alfajiri akienda kazini aliipita na kupunguza mwendo. Kabla hajaandika chochote mkurugenzi wa shule yetu akatuita.

Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole. Alivuta viti mwenyewe, akampa mama glasi ya maji. Akaeleza taratibu kwamba shule ile haifai, kwamba ziko shule za kazi za mikono, upishi, ufuaji, kuhudumia wazee. "Kazi nzuri kama yako, Madame." Kisha akasogea mbele na kushusha sauti, kama anayetoa siri ya mazizini.

"Il ne faut pas miser sur le mauvais cheval."

Akaegemea nyuma na kunitabasamia, akingoja nitafsiri. Sidhani kama ilimpitia kichwani kwamba farasi mwenyewe ndiye mkalimani.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Nilitafuta neno laini. Nalitafuta hadi leo. Maneno yake mengine ningeweza kuyafinya, lakini hilo nililijua kuliko Baba Yetu.

"Anasema usiweke sukari yako juu ya farasi mubaya."

Meza ya Papa Jef mama aliiona kila Jumatano, hakuhitaji maelezo.

"Farasi ni nani?"

"Njo mie."

Akaweka glasi mezani polepole. Akasema merci, Monsieur, akaichukua fomu ikiwa tupu, akaikunja mara mbili, tukatoka. Kituo cha tramu kilikuwa mbele ya shule. Tramu ya kwanza ilikuja ikaondoka, hakupanda.

"Na Madame wa classe," akasema, "ile siku ya novembre. Alisema nini, kweli-kweli?"

"Alisema sina niveau."

"Weye uliniambia nini?"

Alikuwa anajua alichoambiwa.

"Nilipikia kanisa muzima sombe," akasema. "Nilisimama mbele ya batu, nikashukuru Mungu juu ya uongo yako."

Nililia pale kituoni bila kujificha. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akanipa kitambaa, na ndipo akasema maneno ambayo ndiyo malezi yote niliyopata. "Kuanzia leo, neno unaniletea vile liko. Kama liko mubaya, linifikie mubaya. Namna ya kulimeza, mie njo nitajua."

Jumatano ile alikwenda na fomu kwa Papa Jef, akamweleza aliyosema mkurugenzi. Alikuwa Mbelgiji pekee ambaye angeweza kumuuliza bila kuvaa nguo za Jumapili.

"Papa Jef, weye uko wa hapa. Niandike nini?"

Mzee alisoma kwa lenzi yake muda mrefu. Hakufanya mzaha. Alinipenda, hilo nalijua, na alichokisema alikisema kwa upendo, jambo ambalo kwangu halikipunguzii kitu.

"Maman, directeur iko na haki. Mutoto iko na akili, lakini anabeba kilo mingi. Kifaransa, kilo. Papa yake haiko, kilo. Nyumba kiloko, kilo. Farasi ya kubeba mingi ni farasi muzuri, mie nasema kila siku. Lakini hapana peleka yeye kwa course kubwa. Atavunjika."

Mama alikuwa kwenye goti la kushoto. Hakuacha kuchua.

"Hizo kilo," akasema, "nani anaziweka?"

"Namna gani, nani?"

"Kule kwa course. Farasi hazaliwake nazo. Nani anaziweka kwa mugongo?"

"Batu ya bureau. Banapima, banaandika. Ni règlement, ni sheria."

"Bon. Ni batu."

"Ni batu, oui."

"Basi batu banaweza kuzitosha."

Kutosha, kwetu, ni kuondoa. Alikunjua miguu ya suruali ya mzee, akafunika magoti kwa blanketi na kwenda kunawa mikono. Kwenye televisheni mbio zilikuwa zimeanza na Papa Jef hakutazama. Alinisogezea boksi zima la sukari, akaniambia leo nicheze na vipande vyote. Nikakataa. Sikuweka tena sukari juu ya farasi, siku ile wala siku nyingine, na hakuniuliza kwa nini. Alikufa mwaka uliofuata. Tulikwenda kumzika, na mama alilia machozi ya kweli, kwa sababu mwili uliouosha kwa miaka mitatu ni mwili unaoujua.

Sasa, sitaki msome haya kama watu wanavyotazama mbio, wakingoja kujua nani kafika. Nawaambia kabisa. Walinichukua. Mtihani wa kwanza wa Kilatini nilipata nne juu ya ishirini, mwaka wa tatu niliurudia, na nilimaliza nikiwa sina nafasi yoyote ya kujivunia. Leo nina meza katika mmojawapo wa minara ya ofisi karibu na Gare du Nord, na kila siku nasikia misemo ya Papa Jef midomoni mwa watu ambao hawajawahi kumgusa farasi. Mradi uko kwenye ligne droite. Mteja ametupa tuyau. Fulani wa idara ya pili ni tocard. Wanasema bila ubaya, kama tusemavyo habari za asubuhi. Mimi siisemi. Mwezi uliopita mkubwa wangu aliniuliza, katika wale watu wawili wapya ningemwekea nani dau, nikamjibu kwamba wote wawili nimewaona wakifanya kazi na ningependa tuzungumzie kazi. Misemo hii imetoka mahali ambapo mmoja anakimbia na mwingine anatazama kwa lenzi, na mtu akishakuita farasi, hata farasi mzuri, tayari ameshajiketisha jukwaani.

Ningetaka hata mama angekosea. Nasema kweli. Ningetaka wangenikataa, nikaenda kusomea kuhudumia wazee na nikaifanya kazi hiyo vizuri kama yeye, ili nisimame leo na kuwaambia kwamba hata hivyo alikuwa na haki. Maana alichokifanya hakikutegemea mimi kufaulu.

Alichokifanya ni hiki. Aliijaza fomu nyumbani kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, akaniuliza tu tahajia ya jina la barabara. Asubuhi iliyofuata tukaenda hadi kwenye lango la chuma, tukaingia, tukasimama mbele ya kaunta ya sekretari. Mwanamke mle ndani aliipokea fomu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Madame, umejaza mstari mmoja," akasema kwa Kifaransa. "Bado kuna tisa. Tusipomchukua, utabaki bila mahali pa kumpeleka. Weka hata mbili tatu za tahadhari. Watoto wengine hawafai hapa, na si kosa lao."

Mama akanitazama. Nikampa yote, pamoja na lile la watoto wasiofaa, vile lilivyokuwa. Uso wake haukubadilika. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, anachelewa, na mikono yake aliiweka juu ya kaunta kama mtu aliyefika kwake.

"Umuambie hivi," akasema. "Kama banakatala, bakatale beye benyewe. Mie sitabasaidia kukatala."

Nilikuwa mfupi, kidevu changu kiligusa ubao wa kaunta. Nikavuta pumzi na kumwambia mwanamke yule kwa Kifaransa changu maskini, neno kwa neno, kwamba mama anasema mkikataa mkatae nyinyi wenyewe, yeye hatawasaidia kukataa. Akatutazama wote wawili, kwanza mama kisha mimi. Halafu akafungua droo na kuchukua muhuri.